Nyota Moja ya Kinu cha Kale

Shule ya tatu niliikata kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja wa kulala, bila kunyanyua mkono. Kalamu ilichana karatasi kidogo. Daftari lilikuwa juu ya ubao wa kupigia pasi, kwa sababu meza ya jikoni, Jumamosi ile kama Jumamosi zote, ilikuwa milki ya mama mkwe wangu na unga wake. Chini ya ubao, Terka, binti yangu wa miezi kumi na minne, alikuwa amekaa na mfuniko wa sufuria, anaulamba ukingoni kwa makini kama mtu anayeonja chumvi.

Ulikuwa mwezi wa tatu. Theluji ilikuwa imebaki vipande vipande, michafu, kwenye vivuli vya maghorofa ya Sekčov, mtaa wetu, na mimi nilikuwa na siku sita za kuchagua shule ya biashara ya jioni. Fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa, na mtu aliruhusiwa kuomba shule moja tu.

Kwa nini shule, na kwa nini haraka, ni habari fupi. Kabla ya kujifungua nilikuwa nashona katika karakana ya Bi Margita, nyuma ya stesheni ya treni, mifarishi ya kujifunikia inayojazwa manyoya ya bata bukini. Bi Margita hana mtoto anayetaka manyoya. Nilipompelekea Terka amwone, akiwa na wiki tatu, alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema: "Nina miaka minne ya kusimama kwenye miguu hii, si zaidi. Ukirudi unajua kuendesha ofisi, utaiendesha. Ukirudi unajua kushona tu, nitakuwa nimeshamwachia jengo yule bwana wa vigae anayelitaka." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anapanga nyuzi huku anasema.

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja. Masomo ya jioni ni miaka miwili. Mama mkwe alikuwa ameahidi kuja kwa basi kutoka kijijini kila Jumanne na Alhamisi amlishe na kumlaza Terka, maana Slavo, mume wangu, ni fundi katika gereji ya mabasi na zamu zake hazina mpangilio. Nikianza Septemba ile, ningewahi. Nikichelewa mwaka mmoja, Bi Margita angekuwa ameshakaa kwenye kiti na bwana wa vigae ameshaingia.

Na mimi nilikuwa nimeshawahi kukosea. Nikiwa na miaka kumi na minane nilikwenda Bratislava, mji mkuu, kusoma kwa sababu ya picha moja tu, picha ya maktaba yenye ngazi za kuzunguka. Maktaba ilikuwepo, na ngazi zilikuwepo. Nilirudi nyumbani kabla ya Pasaka na begi lilelile, na mama yangu, Mungu amrehemu, hakuniuliza neno, alinipakulia tu chakula. Tangu hapo picha siziamini. Niliamua kuamini hesabu: mtu mmoja anaweza kudanganya, lakini watu mia mbili hawawezi kukaa kikao wadanganye kwa sauti moja.

Ndiyo maana kwa wiki mbili nilikuwa naisoma tovuti ambako wanafunzi huzipa shule nyota, kuanzia moja mpaka tano. Shule za mji wetu zilikuwa tatu. Ya kwanza tuliiita ya Vioo, kwa ajili ya jengo lake: nyota nne nukta nane. Ya pili ilikuwa juu ya benki: nne nukta moja. Ya tatu ilikuwa ndani ya kinu cha kale kando ya mto Torysa, mahali palipokuwa pakisagwa ngano zamani: moja nukta sita. Sikuwa nimewahi kuona alama ya chini namna ile, hata kwa mkahawa wa stesheni.

"Unachagua shule kama watu wanavyochagua mashine ya kufulia," Slavo alisema kutoka sebuleni.

"Mashine ya kufulia niliisomea maoni mia mbili, na mpaka leo haijavuja."

"Haijavuja kwa sababu mimi ndiye niliyefunga bomba."

"Basi na shule nifungie wewe."

Mama mkwe hakucheka. Jina lake ni Božena, na akiwa anatengeneza pirohy huwa hachekeshwi na mtu. Alikuwa anakata miduara ya unga kwa mdomo wa glasi, anaweka kijiko cha viazi na jibini ya kondoo katikati, anakunja, anabana kingo kwa vidole viwili. Alinyoosha shingo akatazama daftari langu.

"Mbona umemkata mwenye moja?"

"Kwa sababu ana moja, Mama. Moja nukta sita."

"Ndiyo nakuuliza."

Nilidhani hakusikia. Nikamweleza tena, polepole. Akaweka glasi chini.

"Klaudka, mwanangu, wewe ulisomea mwezini? Mimi nimepakua supu shule ya msingi miaka thelathini na moja. Watoto wakitoka na vyeti mwezi wa sita, mwenye moja tupu anapewa aiskrimu ya bure pale dukani kwa Šimko. Mwenye tano anarudia darasa. Huyo aliyelala kwenye kochi alileta moja mara mbili tu maisha yake yote, moja ya michezo na moja ya tabia, na mara zote mbili nilimwokea keki."

"Ile ya tabia ilikuwa makosa ya mwalimu," Slavo akasema.

"Mama, hizi ni nyota. Ni kama za hoteli. Tano ndiyo nzuri."

"Wewe unajua. Hao waliozitoa wanajua?"

Si kwamba nilikuwa sijui alama za shule. Nani kwetu asiyezijua? Moja ni fahari ya ukoo, tano ni aibu ya mtaa, tangu darasa la kwanza mpaka unazeeka. Lakini kichwani mwangu shule ilikuwa imekaa kabati moja na simu kabati jingine, na sikuwa nimewahi kuyafungua yote mawili kwa pamoja.

Tena, maneno ya watu wale sikuwa nimeyasoma. Nani husoma maneno ya shule yenye moja nukta sita? Nilichukua simu, nikaisoma ya kwanza kwa sauti.

"'Moja. Mwalimu Hudák anaeleza mpaka hata mimi nimeelewa, na nina miaka hamsini na tatu. Asanteni nyote.'"

Mama alifuta vidole kwa aproni.

"Soma nyingine," Mama akasema.

"'Moja kasoro. Hiyo kasoro ni ya ngazi.'"

"Unaona? Endelea. Ya sifa nitaweka trei ya dirishani, ya hasira nitaweka ile ya kando ya jiko. Usisome haraka, vidole vyangu si vya mashine."

Ndivyo tulivyofanya, maoni arobaini na moja, pirohy arobaini na moja. Nilisoma, yeye akabana na kuamua. "'Moja. Basi langu la Bardejov lilichelewa na mtihani ulinisubiri.'" Dirishani. "'Moja, na kama ingekuwepo sifuri ningetoa sifuri. Ratiba imebadilishwa mara tatu.'" Jikoni. "'Moja kubwa kwa Bi Otília wa ofisini, aliyenipigia simu nilipotaka kuacha.'" Dirishani, na hiyo aliibana kingo mara mbili. Walikuwepo watano waliotoa nyota tano. Nikasema angalau hao wanajua. Mmoja wao alikuwa ameandika: "'Tano. Hakuna hata mahali pa kuegesha gari.'"

"Jikoni," Mama akasema bila kufikiri.

Wenye tatu walikuwa watatu, nao wakatustarehesha, maana tatu hata ukiigeuza inabaki tatu. Taabu tuliipata kwa mmoja tu. "'Moja. Shule hii sitaisahau.'" Mama alibaki na kipande cha unga mkononi, ameinua kiganja.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hajaweka kile kiuso cha kucheka, wala nini?"

"Hajaweka kitu."

"Huyo atakuwa mwanaume," akasema, akakilaza katikati, peke yake, juu ya kitambaa.

Tulipomaliza, trei ya jikoni ilikuwa na saba, na ya dirishani ilikuwa imejaa mpaka ukingo. Slavo alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, anazitazama.

"Ngoja nielewe," alisema. "Watu thelathini wameshindwa kujua moja na tano ipi ni ipi, na hiyo ndiyo shule unayotaka ikufundishe biashara."

"Hao ni wanafunzi. Si walimu."

"Wamefundishwa na nani?"

Mama akazitumbukiza zote katika maji yanayochemka, za sifa na za hasira pamoja, na tukazila na siagi na vitunguu vya kukaanga. Lakini swali la Slavo nililala nalo siku tatu.

Jumanne jioni nikaenda kuona kwa macho yangu.

Mlango wa kinu ulikuwa mzito na nilihangaika nao na kigari cha mtoto mpaka ukafunguliwa kutoka ndani na mama mmoja wa makamo, sweta mabegani, miwani imening'inia kwa uzi. Ndiye alikuwa Bi Otília, karani wa shule. Hakuniuliza ninatafuta nini. Alitazama miguu yangu.

"Viatu, mwanangu."

Kulikuwa na boksi la ndara za kitambaa pale mlangoni, kama shule ya watoto. Nikavaa.

"Na magurudumu?" nikauliza, nikidhani natania.

Akaniletea kitambaa kibichi. Nilichutama nikapangusa magurudumu manne, na Terka akawa anachungulia kutoka juu kuhakikisha nimefika kila mahali.

Ofisini alinipa chai, nikamwambia nilichojia, halafu nikamwambia kuhusu nyota. Nilikuwa nimepanga kulisema kwa upole, lakini jambo lile halina upole: shule yenu ndiyo ya mwisho mji mzima, Bi Otília, na nadhani ni kwa sababu wanafunzi wenu wanawapenda. Nikampa simu aone. Alivaa miwani. Alisoma muda mrefu, kidole kikisukuma kioo taratibu kama mtu anayesukuma punje.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Siku ya mwisho ya masomo, mwaka juzi na mwaka jana, nilisimama mbele yao. Nikawaambia, miaka miwili tumewapa alama, sasa nanyi mtupe sisi, na msituonee huruma. Nusu yao walikuwa hawajawahi kuandika neno mtandaoni. Nikawaonyesha mahali pa kubonyeza. Namna ya kutoa alama sikuwaonyesha. Ningeanzaje kumwonyesha mtu mzima?"

"Na hukuwahi kuangalia walichoandika?"

"Niliona si adabu, kujisomea unavyosifiwa."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Kwa hiyo miaka miwili yote hii," akasema, "tumekuwa tukitukanwa na watu wanaotupenda. Na sisi tumekaa hapa tunasema vijana wa siku hizi hawataki kusoma."

Nilidhani atalia, akacheka. Kicheko chake kilianzia puani, na Terka akakiiga papo hapo, na kwa dakika nzima hatukuweza kuongea. Kisha akawa mtu wa ofisi tena. Akaniambia jambo ambalo angeweza kuninyamazia.

"Walioomba ni saba. Bila kumi na wawili, darasa la jioni halifunguliwi, hiyo ni sheria na siwezi kuipinda. Nakuambia ukweli kwa sababu na wewe umeniambia. Ukileta fomu yako hapa Ijumaa na Septemba tukawa kumi na mmoja, utakuwa umepoteza mwaka."

Mwaka wenyewe sikuwa nao wa kupoteza. Ya Vioo ilikuwa na madarasa matatu, yote yanajaa. Nilisimama niondoke.

"Angalau kaa usikilize kidogo," akasema. "Injinia yuko ndani na wa mwaka wa kwanza. Hakuna tiketi."

Kwetu msomi wa biashara naye huitwa Injinia, kitu ambacho Slavo hajakisamehe mpaka leo, kwa sababu hajawahi kumwona hata mmoja ameshika spana. Injinia Hudák alikuwa mfupi, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Darasani jioni ile walikuwepo watu tisa, waliobaki wako zamu, wengi wamenizidi umri mara mbili, wote wana ndara. Nilikaa nyuma na Terka mapajani. Mwanaume mmoja aliyevaa sare ya reli alimpa Terka rula yake bila kugeuka, na Terka akaanza kuitafuna.

Waliendelea kidogo, halafu Injinia akanitazama.

"Mgeni wetu anafanya kazi gani?"

"Nashona mifarishi. Kwa Bi Margita, nyuma ya stesheni."

"Vizuri. Mwezi wa saba, nani ananunua mfarishi?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

Nikataka kusema hakuna kabisa. Miaka mitano nilikuwa nimeshona pale, nilijua. Kisha nikaiona kichwani meza yetu ya kufungia mizigo wakati wa joto, madirisha wazi, na juu yake mifarishi myeupe, miwili miwili, imefungwa utepe.

"Mabibi harusi," nikasema. "Wananunua jozi. Au bibi zao wanawanunulia."

"Harusi ya mwezi wa saba inapangwa mwezi gani?"

"Wa pili. Wa kwanza."

"Na mwezi wa pili ninyi mnawaambia nini?"

"Hatuwaambii kitu. Huja wenyewe."

"Wasiokuja huenda wapi?"

Hilo sikulijua, wala hakunitazama kana kwamba nilipaswa kulijua. Aliyejibu ni mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa ameshika mkoba mapajani kama yuko kituo cha basi. Alijigeuza akaniambia mimi, si mwalimu: "Binti yangu alinunua ya kiwandani, mwaka jana. Ya manyoya ya kweli tuliitafuta tukaikosa. Sikujua kama nyinyi bado mpo."

"Unakaa wapi, mama?" nikauliza.

"Mtaa wa nyuma ya stesheni," akasema.

Watu walicheka, naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nahesabu hatua. Miaka mitano nilikuwa nimeinamia kitambaa, na hatua mia tatu kutoka sindano yangu mwanamke alikuwa anatafuta kile nilichokuwa nakishona. Injinia aligeukia ubao akaandika: mwezi wa pili. Akapiga mstari chini yake na akaendelea na somo la siku hiyo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikavuka daraja, na nilikuwa nimefika katikati ya Sekčov nilipogundua kwamba bado nimevaa ndara zao.

Alhamisi, mezani, nilimwambia Slavo kila kitu, pamoja na habari ya wale saba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anafungua kidoli cha Terka kilichokwama sauti, skrubu zimepangwa kwenye kisahani.

"Na wasipofika kumi na wawili?"

"Nitakuwa nimeikosa ofisi ya Bi Margita."

"Na ya Vioo?"

"Itafunguliwa. Nitahitimu. Nilipita jana mapokezi yao, wakanipa kalamu na kitabu cha picha. Nikawauliza kuhusu mifarishi, wakaniambia nijaze kisanduku cha maswali."

"Ni nne nukta nane, Klaudka."

"Najua. Wanastahili, huenda. Ila safari hii nikikosea, nataka nikosee kwa macho yangu mwenyewe."

Alikaza skrubu moja. Alijaribu kidoli, kikatoa sauti ya bata aliyekabwa. Akakifungua tena.

"Huyo wa reli," akasema, "alimpa mtoto rula yake?"

"Alimpa."

"Akaitafuna?"

"Iliota meno upande mzima."

"Naye akasemaje?"

"Alisema sasa ina vipimo vya ziada."

Slavo akacheka kwa pua, bila kuinua macho. "Peleka fomu," akasema. "Na warudishie watu ndara zao."

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Bi Otília alichukua orodha ya waliohitimu akawapigia simu mmoja mmoja wabadilishe nyota zao. Kila nilipopita na Terka alinisomea habari. Wengine walikuwa wamesahau namba zao za siri. Mmoja aliuliza kama shule imeshtakiwa. Bwana mmoja wa Sabinov alikataa katakata: alitoa moja, moja ndiyo stahili yao, na hataki kusikia habari ya kuwashushia. Lakini wengi walibadilisha, na mimi kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, nilifungua tovuti kama mtu anayefunua kitambaa kuona kama unga umeumuka. Mbili nukta mbili. Mbili nukta tisa. Mwezi wa saba mwishoni ikawa tatu nukta nne, na nafasi zilizobaki zikafunguliwa upya, na walioomba wakawa kumi. Halafu wiki tatu hakuja mtu. Nilianza kumkwepa Bi Margita mtaani. Mama mkwe akawa ananitazama sahani kama nimemaliza chakula.

Barua ilikuja siku nne kabla ya Septemba. Tulikuwa kumi na watatu.

Sasa naandika haya mwaka wa pili ukiwa unakwisha. Mitihani ni mwezi wa sita. Bi Margita bado anasimama, kwa fimbo, na ananiachia simu nizipokee mimi. Mwezi wa pili uliopita nilizunguka kwa washonaji wote wa nguo za harusi na vipande vidogo vya kitambaa vyenye manyoya ndani, watu wavishike tu mkononi. Sijui kama nitaweza ofisi nzima. Naona kama nitaweza. Bwana wa vigae, nasikia, amepata jengo jingine.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye, na siku niliyojua kwamba nilichagua vyema haikuhusiana nayo. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa kwanza. Chumba chetu cha chini kilikuwa kinapakwa rangi, wakatuhamishia kile cha juu kabisa, walikokuwa wakihifadhi magunia zamani. Siku ile ilikuwa imeanza vibaya. Terka alikuwa anaota meno ya nyuma, alinishika shingoni nilipokuwa namwachia mama mkwe, na nilimsikia akilia mpaka lifti inafika chini. Nilipanda ngazi za kinu nikiwa na kilio kile masikioni, nikakaa kiti cha kwanza nilichokikuta, kando ya dirisha.

Nje giza lilikuwa limeshaingia, kama linavyoingia mapema kwetu majira yale. Ng'ambo ya mto palisimama Sekčov nzima, maghorofa yake yote, madirisha yamewaka. Sikuwa nimewahi kuuona mtaa wangu kutoka upande huo. Nikaanza kuhesabu bila kukusudia: jengo la tatu kutoka darajani, ghorofa ya sita, dirisha la pili. Jikoni kwetu taa ilikuwa inawaka. Kwa umbali ule sikuweza kuona mtu. Niliona mraba mdogo wa rangi ya asali, si mkubwa kuliko ukucha, na kitu kinachopita mbele yake, kinarudi, kinapita.

"Bi Klaudia," Injinia akasema, "ubao uko upande huu."

"Naam," nikasema. "Dakika moja, tafadhali."

Akanipa. Mwenzangu mmoja akakohoa, mwingine akafungua kalamu. Nilikuwa nimesoma maoni yote arobaini na moja, ya sifa na ya hasira, na hakuna aliyekuwa ameandika juu ya dirisha lile; wala nisingemlaumu, lisingemfaa mtu mwingine yeyote. Nikaendelea kutazama. Taa ya jikoni ikazimika. Baada ya muda kidogo, pembeni yake, ikawaka taa ya chumba kidogo anamolala Terka.

Amekula, nikajua. Nikageukia ubao.